Ngeli na Jinsia: Nomino za Kijerumani Uchaggani

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu kabisa ya Kibo, na Meyer akapaita mahali hapo Kaiser-Wilhelm-Spitze. Jina hilo limekwisha kufutika. Leo kilele ni cha Uhuru. Lakini lilibeba jambo moja la kisarufi ambalo waandishi wa historia ya mlima hulipita bila kulitazama. Katika Kijerumani mlima wenyewe ni der Kilimandscharo, nomino ya kiume, ilhali kilele kilikuwa die Spitze, nomino ya kike. Sababu haimo katika mawe wala theluji. Majina ya milima huchukua artikeli ya kiume kwa kuwa nyuma yake limejificha neno der Berg, “mlima”. Na Spitze, “ncha”, ni neno la kike lenyewe.

Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Jina Kilimanjaro, asili yake ikiwa iwayo (na mjadala huo haujesha), linaanza na ki-, kama kilima. Hata hivyo husemwa “Mlima Kilimanjaro umefunikwa na wingu”, na hata neno mlima likiachwa, mara nyingi upatanisho wake hubaki. Katika lugha zote mbili nomino isiyotamkwa ndiyo inayotawala sentensi.

Lugha hizi zilipokutana Uchaggani, wanafunzi wa kwanza walikuwa Wajerumani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi huko mwaka 1893, na kwa kuwa walikusudia kuhubiri na kufundisha kwa Kichagga, iliwapasa kwanza wazijue ngeli zake. Mmoja wao, Johannes Raum, alichapisha mwaka 1909 sarufi ya Kichagga cha Moshi, ambamo usemi wa kila siku wa watu wa Moshi ulipangwa katika makundi ya nomino na viambishi vyake. Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, iliendesha utawala wa chini na shule zake nyingi kwa Kiswahili. Kati ya sera hizo mbili, Wachagga waliopata kuketi darasani na kukariri der, die, das walikuwa wachache. Waingereza walipoiteka Moshi Machi 1916, hata hao wachache walipoteza sababu ya kuendelea.

Kilichobaki katika Kiswahili ni maneno machache, na maarufu zaidi ni shule na hela. Schule ni la kike; Heller, sarafu iliyoanza kutolewa katika koloni mwaka 1904, ni la kiume. Yote mawili yaliacha artikeli zake mlangoni na kuingia katika ngeli moja ya I-ZI: shule yetu, hela zetu. (Zanzibar, ambako Wajerumani hawakutawala, ikabaki na skuli yake ya Kiingereza.) Maneno ya Kiswahili yaliyoelekea upande wa pili nayo yalivishwa mavazi ya wenyeji: der Askari, die Safari, die Boma.

Mkutano huo ungeweza kuzaa hoja nyepesi kwamba jinsia na ngeli ni ndugu. Mwanzoni wapo waliouona undugu huo. Wilhelm Bleek aliandika tasnifu yake huko Bonn mwaka 1851 juu ya jinsia za nomino katika lugha za kusini mwa Afrika, akizilinganisha na Kikopti na lugha za Kisemiti. Lakini ulinganisho uligeuzwa kuwa mizani. Bleek mwenyewe alifikiri kwamba lugha zinazogawa nomino kwa uume na uke huwapa wasemaji wake ubunifu mkubwa zaidi, hasa wa visasili. Mwaka 1912 Carl Meinhof alichapisha kitabu juu ya lugha alizoziita za Kihamiti, ambamo jinsia ya kisarufi ilikuwa mojawapo ya alama za watu waliodhaniwa kuwa bora na watawala kwa asili. Kimaasai kilihesabiwa humo, kwa kuwa hutofautisha ol- ya kiume na en- ya kike.

Matokeo yake Kilimanjaro ni ya kushangaza. Mstari wa ustaarabu ulipita kwenye miteremko: Wamaasai wa tambarare, wanaouita mlima Ol Doinyo Oibor, upande mmoja pamoja na Wajerumani, Wachagga wenye migomba na mifereji yao, upande wa pili. Joseph Greenberg aliivunja nadharia hiyo, na katika uainishaji wake wa 1963 Kimaasai kimo katika lugha za Kiniloti. Namba za ngeli zinazotumiwa na wanaisimu hadi leo, hata hivyo, zilianzishwa na Bleek na kuendelezwa na Meinhof. Chombo kilikuwa kizuri. Mizani ndiyo iliyokuwa mbovu.

Istilahi nayo ilichangia. Neno la Kijerumani la jinsia ya kisarufi, Geschlecht, lina maana pia ya ukoo. Bruno Gutmann, mmisionari aliyeandika kurasa nyingi kuhusu ukoo wa Kichagga, alikuwa na neno hilo mkononi. Lau maana ya ukoo ndiyo ingesikika kwanza, pengine ngeli isingeonekana kitu kigeni. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha uchambuzi wa sintaksia ya Kivunjo uliokuja kusomwa sana, na Steven Pinker, katika kitabu chake cha 1994, akawaeleza wasomaji wa Kiingereza kwamba Kivunjo kina jinsia 16.

Jambo hili linamhusu kijana wa Moshi anayejifunza Kijerumani ili aongoze watalii. Akifundishwa kupitia Kiingereza, lugha isiyo na jinsia za nomino, huambiwa kwamba artikeli ni mzigo usio na mfano. Mfano anao. Kiambishi -chen humfanya der Mann kuwa das Männchen na die Stadt kuwa das Städtchen, kama ki- inavyouhamisha mlima kuwa kilima na kubadili upatanisho wote. Das Mädchen, “msichana”, huwachekesha wanafunzi. Lakini nao husema “kitoto kinalia” bila kumwondolea mtoto utu wake. Nomino ya Kijerumani mara nyingi haionyeshi jinsia yake usoni, na shule au nyumba haionyeshi ngeli yake pia: huonekana katika yetu, kama Schule inavyoonekana katika unsere.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Jinsia ya Kijerumani hupotea katika wingi, na artikeli hubadilika kulingana na kazi ya nomino katika sentensi. Hata hapo Kiswahili hakimwachi mwanafunzi mikono mitupu. Unser Berg huwa auf unserem Berg. Mlima wetu huwa mlimani kwetu.