Bunduki ya Upepo na Ndege Waharibifu wa Shamba

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo ya leo twataka kusimulia habari za vita vya zamani sana, navyo ni vita baina ya mkulima na ndege. Kila aliyelelewa katika nchi ya mtama na uwele avijua vita hivi. Mtama uanzapo kutia maziwa, ulingo hujengwa katikati ya shamba, na mtoto hupandishwa juu yake pamoja na kombeo na rundo la madongo, aamie ndege tangu alfajiri hata jua lichwe. Sisi walimu twavijua kwa njia nyingine pia, maana twaviona katika kitabu cha mahudhurio. Katika majuma ya kuamia, alama za watoto wasiofika huongezeka. Na warudipo darasani, wenzao wamekwisha kuvuka hesabu za kugawanya, nao huachwa nyuma mwaka mzima.

Mwaka mmoja mzazi mmoja wa Ugogo alitujia, akasema, "Mwalimu, nataka mwanangu asome. Lakini akija kwenu, nani atalinda mtama? Nimesikia kwamba kuna bunduki ya upepo, haina baruti wala haina kishindo. Nikiuza mbuzi wawili nikainunua, je, haitatosha kumshusha mtoto katika ulingo?" Swali lile lilikuwa la haki, nasi siku ile hatukuwa na jibu. Tulikwenda kulitafuta katika historia, na hayo tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo.

Yafaa kwanza tuijue silaha yenyewe. Wengi hudhani kuwa bunduki ya upepo ni mchezo wa watoto uliobuniwa juzi. Sivyo. Kwenye mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kuwapa baadhi ya askari wake bunduki ya namna hiyo, iliyobuniwa na fundi aitwaye Girandoni. Kitako chake kilikuwa chombo cha chuma kilichoshindiliwa hewa kwa pampu, nayo ilichukua risasi 20 hivi, zikapigwa moja baada ya moja bila moshi. Walakini kuitengeneza kulitaka mafundi hodari, na kuijaza hewa kulikuwa kazi ya kuchosha. Kwa hiyo jeshi likaiacha mwanzoni mwa karne ya 19.

Mashambani ilienea kwa njia nyingine. Katika mji wa Plymouth, jimbo la Michigan, Marekani, palikuwa na kiwanda cha kutengeneza vinu vya upepo, ambavyo wakulima walivitumia kuvutia maji visimani. Katika mwaka 1888 kiwanda hicho kilianza kutoa bunduki ndogo ya upepo iwe zawadi kwa mkulima anunuaye kinu. Haikupita miaka mingi watu wakaipenda zawadi kuliko kinu, hata katika mwaka 1895 kiwanda kikabadili jina lake, kikaitwa Daisy, yaani jina la bunduki ile. Hivyo silaha iliyokuwa ya askari ikawa mikononi mwa watoto wa wakulima, na shabaha iliyokuwa karibu nao kuliko zote ilikuwa ndege.

Sasa na tuwatazame wale waliojaribu kuwashinda ndege kwa kuwaua. Huko Uingereza, katika mwaka 1532, siku za Mfalme Henry wa 8, Bunge lilitunga sheria ya kuwaangamiza kunguru na jamaa zao, na kila mtaa wa kanisa ukaamriwa kuweka wavu wa kuwanasia. Katika mwaka 1566, siku za Malkia Elizabeth wa 1, sheria nyingine iliagiza fedha zilipwe kwa aletaye vichwa vya ndege na wanyama waliohesabiwa kuwa waharibifu. Shabaha ya sheria hiyo ilikuwa kuhifadhi nafaka, lakini katika orodha yake alitiwa hata mdiria, ndege alaye samaki, asiyeonja nafaka maisha yake yote. Vichwa vililetwa, fedha zikatolewa, na kunguru wa Uingereza wapo hata leo.

Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Palikuwa na kasuku wa rangi ya kijani, mwenye kichwa cha manjano, aliyeitwa kasuku wa Carolina. Alishuka kwa makundi katika mashamba ya matunda na ya nafaka, na wakulima wakampiga bunduki. Nao kasuku hao walikuwa na tabia ya huruma iliyowaponza: mmoja akianguka, wenziwe hawakukimbia, bali walirudi wakizunguka juu yake wakilia, hata wakapigwa wote. Misitu nayo ilikatwa, na wengine walikamatwa wauzwe. Kasuku wa mwisho aliyefugwa alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwezi wa Februari mwaka 1918. Hatimaye wenye mashamba waliokoa matunda yao, lakini ndege yule alikuwa akila pia mbegu za magugu yenye miiba yaliyowasumbua, na sasa hayuko tena, wala hakuna fedha iwezayo kumrudisha.

Habari ya tatu yatoka China. Katika mwaka 1958 serikali ya nchi hiyo iliwaamuru watu wote wawaangamize waharibifu wanne, nao ni panya, nzi, mbu na shomoro. Watu wa mijini na mashambani walitoka kwa mamilioni, wakapiga ngoma, masufuria na madebe, shomoro wasipate mahali pa kutua, hata wakaanguka chini kwa kuchoka. Viota vilibomolewa, mayai yakavunjwa, na wenye bunduki walipiga. Lakini wataalamu wa ndege, miongoni mwao Bwana Tso-hsin Cheng, walipasua matumbo ya shomoro wakayachungua, wakaona kwamba wakati wa kulea makinda shomoro hula wadudu wengi mno. Walipopungua shomoro, wadudu wa mimea walizidi. Katika mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika orodha ile, na mahali pake akawekwa kunguni. Njaa kubwa iliyoikumba China miaka ile ilikuwa na sababu nyingi, na nyingine zilikuwa nzito kuliko hii. Hata hivyo kupotea kwa shomoro hakukumsaidia mkulima.

Basi turudi kwetu, kwa kwelea, maana ndiye adui aliyemtisha yule mzazi wa Ugogo. Kwelea ni ndege mdogo sana, uzito wake hata gramu 20 ni shida kufika. Kwa siku moja aweza kuharibu nafaka ya gramu 10 hivi. Kiasi hicho si kitu. Lakini kwelea hatembei peke yake. Kundi la kwelea 1,000,000 si jambo la ajabu, na kundi hilo laweza kumaliza kilo 10,000 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo mia mia. Haya, tumpe mtu bunduki ya upepo, tena awe hodari asiyekosa, aue kwelea 100 tangu asubuhi hata jioni. Ataokoa kilo moja ya mtama, na ndege waliobaki watakuwa 999,900. Vita hivi havishindwi kwa risasi moja moja. Kwa sababu hiyo serikali zimetumia eropleni kunyunyiza sumu penye viota na malalo ya kwelea. Nayo sumu haichagui, yaweza kumwua mwewe na bundi pamoja na kwelea, nao ndio wawindaji wa ndege na panya.

Hapo twaona sifa ya bunduki ya upepo na upungufu wake pamoja. Sifa yake ni kuwa humpiga yule mmoja aliyeonekana na kutambuliwa, bila sumu wala moto. Yafaa kwa ndege wachache wasumbuao ghalani au penye banda la kuku. Upungufu wake ni kwamba haina nguvu mbele ya kundi, na katika mkono wa mtu asiyewajua ndege huua rafiki pamoja na adui. Tena si mchezo. Risasi yake ndogo yaweza kupofusha jicho. Kwa hiyo haifai kupewa mtoto asiye na msimamizi, wala kuelekezwa mahali usipopaona mwisho wake. Na kabla ya kuinunua, mtu na aulize kwanza sheria ya nchi yake juu ya silaha na juu ya ndege wanaolindwa.

Tulimrudia mzazi yule tukamwambia, "Ndugu yetu, usiuze mbuzi wako. Kidole kimoja hakivunji chawa." Tulimshauri afanye shauri na majirani ambao mashamba yao yamepakana na lake. Watu wa nyumba tano walikubali kupanda pamoja, mtama wao uive pamoja, asiwepo mmoja wa kuliwa peke yake. Walikubali pia kuamia kwa zamu, kila nyumba siku yake, na mtu mzima awepo katika ulingo. Hatuwezi kusema kwamba ndege hawakula kitu, walikula. Lakini mavuno yalipatikana, na katika kitabu chetu jina la mtoto yule lilikuwa na alama ya kukosa siku moja tu katika kila siku tano. Siku hiyo moja tulimfundisha jioni.

Nanyi wazazi mnaotusikiliza, kabla ya kutafuta silaha, mtambueni ndege, mhesabu wingi wake, kisha mwiteni jirani. Kwaherini.