Steringi Hakufika Mtwara: Muvi za Ikulu na Mwaka 2013

Mwaka 2013 Ikulu ya Marekani ilivamiwa mara mbili. Machi ilitoka Olympus Has Fallen ya Gerard Butler, Juni ikafuata White House Down ya Channing Tatum na Jamie Foxx. Studio mbili tofauti, stori moja.

Angalia vizuri utacheka. Butler ni mlinzi aliyeondolewa kwenye kikosi cha rais, Tatum ni askari aliyekosa kazi ya kumlinda rais. Kuna mtoto amekwama ndani: kwa Butler ni wa rais, kwa Tatum ni wake mwenyewe. Kuna msaliti aliyewahi kukaa karibu na rais. Kuna namba za siri za nyuklia. Jeshi zima linashindwa, mtu mmoja anamaliza kazi. Aliyekulia kwenye mabanda ya video hahitaji hata mtafsiri, dakika ya kumi ameshajua nani anakufa. Tena Roland Emmerich, mwongozaji wa hiyo ya Tatum, alishailipua Ikulu hiyohiyo mwaka 1996 kwenye Independence Day. Jengo lenyewe limezoea.

Sasa katikati ya muvi hizo mbili, tarehe 22 Mei 2013, moto wa kweli uliwaka Mtwara.

Chanzo ni gesi. Ya Mnazi Bay, kule Msimbati karibu na mdomo wa mto Ruvuma, iligunduliwa tangu 1982. Serikali ilipoamua kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba, watu wa Kusini, ambao kuambiwa "subirini" wameshazoea, wakauliza: na sisi tunabaki na nini? Desemba 2012 waliandamana na mabango, "gesi haitoki". Januari mambo yakaharibika. Mtwara na Masasi zilichomwa ofisi za serikali, za chama tawala na nyumba za viongozi, na watu wakafa. Halafu ikaja hiyo siku ya Mei. Bajeti ya Nishati na Madini inasomwa bungeni Dodoma, bomba liko palepale. Mji ukalipuka, mabomu ya machozi, jeshi likaingia. Wanajeshi wanne waliokuwa wakipelekwa huko walikufa kwa ajali ya gari njiani. Hao hata kwenye stori za vijiweni hawatajwi.

Hapo ndipo muvi za Ikulu zinapofeli. Ndani ya muvi anayechoma jengo hana shida yoyote nalo, ametumwa tu na skripti. Masasi ofisi iliyoungua ni ileile ambayo watu wa pale pale walikuwa wanakwenda kugongewa muhuri. Cha ajabu, kila upande ulikuwa na skripti yake ya Hollywood. Serikali ilisema kuna wachochezi. Mtaani wakasema kuna wasaliti wameuza gesi. Wote wanamtafuta yule mtu mmoja mbaya, wakati swali la "tunabaki na nini" limekaa pale halijajibiwa.

Bomba likajengwa, zaidi ya kilomita 500, likazinduliwa Oktoba 2015. Gesi ikatoka.

Uvamizi wa watu wenye silaha kutoka nje, ule wa kwenye muvi kabisa, ulikuja Oktoba 2020, na haukwenda Ikulu. Walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji, wakaingia Kitaya, kijiji cha mpakani mkoani Mtwara. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, waliobaki wakakimbia. Hakukuwa na rais wa kuokoa.

Butler alirudi 2016 kuibomoa London, akarudi tena 2019. Kitaya watu walizika, na mashamba yao yako bado kando ya mto uleule waliovuka wale jamaa.