Mchango na Umeme wa Jua Garissa
Shule za Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, zilitegemea pia mchango. Wasomali wa huko wana desturi ya qaaraan, yaani ukoo kumchangia mwenye haja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta akaifanya harambee, yaani kuchanga pamoja, kuwa wito wa taifa. Harambee ilijenga shule nyingi, ila ilimfaa zaidi mwenye cha kutoa. Kaskazini mashariki, hali ya hatari iliyodumu hadi 1991 na ukame viliwafilisi wafugaji, na Waraka wa serikali Na. 10 wa 1965 ukaelekeza fedha kwenye maeneo yenye rutuba. Hivyo uchache wa michango ulitokana na dhuluma, wala si uzembe wa wazazi. Garissa hiyohiyo sasa ina mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliojengwa kwa mkopo wa China na kuzinduliwa 2019. Umeme wake huingia gridi ya taifa.