Dira

Katika Skyrim, mchezo wa video wa mwaka 2011, sehemu ya juu ya kioo kuna ukanda mwembamba wenye pande za dunia na alama za mahali pa kwenda. Hiyo si ramani, ni dira. Ramani huchora nchi. Dira hukupa mwelekeo, njia ukaitafuta mwenyewe. Mchezo wa Ghost of Tsushima (2020) umeondoa hata ukanda: upepo huvuma kuelekea unakotakiwa kwenda, nyasi zikainama, nawe unafuata. Naupenda mno ubunifu huo, maana macho hubaki kwenye nchi yenyewe. Upepo huo nao ni dira. Ndugu watafsiri wa michezo, neno ramani liwekeeni kile kiduara cha mitaa kilicho pembeni mwa kioo katika mchezo wa San Andreas.