Barua Zilizotoka Ujiji

Katika usharika wetu hapa Kibirizi juma halipiti bila mtu kuja ofisini kuomba barua. Mmoja anahamia Kasulu, anataka barua ya utambulisho kwa mchungaji wa huko. Mama mwingine anataka barua kwa mtendaji wa kata ili asaidiwe matibabu ya mtoto. Wengine wameshuka juzi tu kutoka kwenye maboti ya Kongo, hawana karatasi hata moja mkononi, nao wanaomba tuwaandikie lolote litakalosomeka mbele ya mkubwa. Tunaandika, tunasaini, tunagonga muhuri. Inaonekana kazi ndogo. Lakini tumejifunza kwa uchungu kwamba barua kwa mwenye mamlaka ni ushuhuda, na kwamba amri ya nane tuliyoikariri katika Katekisimu Ndogo, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, inaingia hata ndani ya jalada la barua za usharika. Jinsi tulivyojifunza tutaeleza kabla ya kumaliza. Kwanza tuwarudie jirani zetu wa Ujiji, safari fupi ya daladala kutoka hapa. Huko, zaidi ya miaka 150 iliyopita, mtu mmoja mgonjwa aliandika barua kwa wakuu wa dunia.

Barua kati ya pwani yetu na wakuu wa mbali hazikuanza na mtu huyo. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Oman na Zanzibar alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Mwaka 1840 meli yake iitwayo Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, ilitia nanga New York ikiwa na bidhaa, zawadi na barua kwa Rais Martin Van Buren. Ilikuwa ni heshima kwa heshima. Kutoka Marekani ilikuja nguo ambayo bibi zetu waliiita merikani, na kutoka bara zilikwenda pembe za ndovu. Barua za wakubwa zilihusu urafiki, ushuru na bandari. Wale waliobeba pembe hizo mabegani, na wale waliouzwa pamoja nazo, hawakuwa na mtu wa kuwaandikia.

David Livingstone, mmisionari na daktari kutoka Uskoti, alifika Ujiji kwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869. Hakufika kwa miguu yake. Alikuwa anaumwa mapafu, akabebwa kitandani kwa msaada wa mfanyabiashara wa Kiarabu, Mohamad Bogharib, aliyemhurumia na kumtunza. Bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar zilikuwa zimeibwa kwa sehemu kubwa. Alipopata nafuu aliketi kuandika, na barua zilifika kama 40. Kisha akakutana na tatizo ambalo mtu asiye na posta analijua: nani atazibeba? Misafara ya kwenda pwani ilikuwa ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Walijua kwamba mtu huyu ameona mambo yao, na kwamba anachokiandika kinaweza kuwaharibia. Karibu barua zote zile zilipotea njiani. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Mfalme Yehoyakimu katika Yeremia 36, aliyekata gombo la nabii kwa kisu kipande kwa kipande na kulitupa motoni. Anayeogopa neno lililoandikwa huanza na karatasi yenyewe.

Livingstone akavuka ziwa kwenda Manyema, ambako leo ni Kongo mashariki. Huko karatasi zilimwishia. Alichukua magazeti ya zamani akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kutokana na mimea. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Ilikuwa siku ya soko, na watu kama 1,500 walikuwa wamekusanyika, wengi wao wanawake wenye samaki, kuku na mihogo. Sisi tunaoishi karibu na soko la Kibirizi hatuhitaji kuelezwa soko la ukingoni linavyokuwa. Watu wa misafara ya kutoka pwani wakaanza kupiga bunduki katikati ya umati. Waliokimbilia mitumbwi wakakanyagana, na wengi wakatumbukia mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikisia kwamba walikufa watu kati ya 330 na 400. Livingstone hakuweza kuzuia lolote. Aliandika aliyoyaona.

Alirudi Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871 akiwa amechoka kabisa, akakuta msimamizi wa mali yake ameiuza yote. Tarehe 1 Novemba aliandika taarifa kwa Lord Clarendon, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza. Hakujua kwamba Clarendon alikuwa amefariki tangu Juni 1870. Kwa hiyo mtu aliyesahauliwa, aliyekaa kando ya ziwa letu, alikuwa akimweleza marehemu habari za mateso ya watu ambao marehemu huyo hakuwahi kuwaona. Tunapoisoma habari hii tunawakumbuka wazee wetu wanaoandika barua ya tatu na ya nne kwa ofisi ambayo aliyekuwa humo alishahamishwa.

Siku zile zile akafika Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Salamu yake chini ya mwembe inajulikana na kila mtoto wa shule hapa Kigoma, na hatutairudia. Linalotugusa ni mfuko wa barua aliouleta. Mfuko huo ulitumwa kutoka Zanzibar mwaka uliotangulia, ukakwama njiani hata Stanley alipoukuta Unyanyembe. Anasimulia kwamba Livingstone aliuweka mapajani, akasoma barua moja mbili za watoto wake, uso ukamchangamka. Kisha akaziweka kando, akaomba kwanza aelezwe habari za dunia, kwa kuwa alikuwa amezingoja barua kwa miaka na saa chache zaidi hazingemshinda.

Katika mfuko ule na katika majibu yake kulikuwa na barua za aina mbili, za mtoto kwa baba na za mtumishi kwa serikali. Tarehe 14 Novemba alimwandikia Earl Granville, waziri mpya, akaeleza mauaji ya Nyangwe. Alimwandikia pia mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett, kumshukuru kwa kumtuma Stanley. Katika barua hiyo alisema kwamba kama habari zake za utumwa wa Ujiji zingesaidia kukomesha biashara ile ya pwani ya mashariki, angeliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko kugundua chemchemi zote za mto Nile. Huyu ni mtu aliyetoa afya yake yote kuutafuta Nile, naye asipate alichokitafuta.

Safari hii barua zilipata mbebaji. Stanley alifika London tarehe 1 Agosti 1872, na maneno ya Livingstone yakasomwa na wengi. Tusiseme kwamba barua peke yake zilifanya kazi. Bunge la Uingereza lilikuwa limeunda kamati ya kuchunguza biashara hii tangu mwaka 1871. Lakini barua ziliwapa wasomaji soko, mto na wanawake waliozama, na kimya kikawa kigumu. Serikali ikamtuma Sir Bartle Frere Zanzibar mwanzoni mwa 1873. Sultani Barghash alikataa kwanza; kisha, baada ya kutishiwa kufungiwa bandari kwa manowari, akatia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Livingstone hakujua. Alikuwa amefariki mwanzoni mwa Mei katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Utumwa wenyewe haukuisha siku ile. Zanzibar uliondolewa kisheria mwaka 1897, na huku bara mwaka 1922.

Hapa ingekuwa rahisi kufunga somo kwa kumsifu shujaa. Lakini amri ya nane inatuzuia tusiishie hapo. Kwanza, tunaishi na ndugu zetu Waislamu Ujiji na Kigoma mjini, na habari hii imetumiwa mara nyingi kama fimbo ya kuwapigia. Aliyembeba Livingstone akiwa mgonjwa alikuwa Mwislamu. Pembe za ndovu zilinunuliwa na Wakristo wa Ulaya na Marekani. Tena, barua zilizolia juu ya utumwa zilisaidia pia kuwafungulia mlango watawala wa kikoloni, ambao hawakuja kutuomba ruhusa.

Pili, Livingstone mwenyewe. Shajara aliyoiandika juu ya magazeti ilififia hata haikusomeka, mpaka watafiti walipoipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuichapisha mwaka 2011. Walipoilinganisha na nakala aliyoiandika upya baadaye, waliona kwamba baadhi ya maneno juu ya mwenendo mbaya wa watu wake mwenyewe, wale aliotumiwa kutoka Zanzibar, yalikuwa yamepunguzwa. Wapo wanaouliza kama baadhi yao walikuwa na mkono katika ukatili wa siku ile. Hatuwezi kukata shauri hilo. Lakini tunaijua dhambi yenyewe, maana imo katika Matendo 23. Jemadari Klaudio Lisia alimwandikia Liwali Feliki barua ya kiofisi, akasema alimwokoa Paulo kwa kuwa alipata habari kwamba ni Mrumi. Kumbe alimfunga kwanza na kuamuru apigwe mijeledi. Habari za Urumi alizipata baadaye. Barua ile ilimwokoa Paulo kweli. Ilimwokoa na Lisia pia. Hivyo ndivyo tuandikavyo sisi wanadamu: tunamtetea mwenzetu, na katika mstari uo huo tunajificha.

Tatu, wabebaji. Livingstone alipokufa, walioamua kuubeba mwili wake mpaka pwani walikuwa Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi. Kati yao alikuwamo Jacob Wainwright, aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India. Waliposikia kwamba mtoto wa marehemu yuko njiani kuja kumtafuta baba yake, Wainwright ndiye aliyeandika barua ya kumpasha habari ya msiba. Chuma akatangulia nayo hadi Tabora, akaikabidhi Oktoba 1873 kwa Mwingereza aliyekutwa huko, Luteni Cameron, maana mtoto hakuwapo. Mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa sasa alikuwa ndiye mwandishi, na Wazungu wakasubiri neno lake ili wajue ukweli. Kwetu barua ile fupi ina uzito kuliko taarifa nyingi za mawaziri.

Sasa tueleze habari yetu. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa miaka kama 13 alikuja kwa wazee wa kanisa. Alikuwa akifanya kazi kwenye mtumbwi wa dagaa, usiku kucha siku za giza, na mchana kuanika mchangani. Tangu aletwe kutoka kijiji cha mbali hakuwahi kulipwa. Aliambiwa chakula ndicho mshahara, na alipodai alipigwa. Tuliketi kuandika barua kwa ofisi inayohusika. Tulipofika kwenye jina la tajiri, mwenye mtumbwi, kalamu ilisimama. Mtu yule alikuwa ametuchangia mabati ya kanisa. Mmoja wetu akakumbusha maelezo ya Luther juu ya amri ya nane, kwamba tumtetee jirani na kumnenea mema. Tukakubaliana haraka mno. Tukaandika kwamba "kuna malalamiko kuhusu ajira ya watoto katika baadhi ya mialo," tukasaini, tukagonga muhuri. Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa: bila jina wala mahali, hakuna cha kufuatilia. Mtoto alikuwa ameshaondoka. Wengine walisema amevuka ziwa. Hatukumwona tena.

Tulimtumia Luther vibaya, na chuoni tulikuwa tumesoma Katekisimu Kubwa, anapoeleza kwamba dhambi iliyo wazi hukemewa wazi, na kwamba walio katika wadhifa wanawajibika kusema. Tulijiuliza jirani ni tajiri, hatukujiuliza jirani ni nani mwingine mle chumbani. Livingstone alikula chakula cha watu aliowashitaki, na hata hivyo aliandika. Sisi kwa sababu ya mabati hatukuandika.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wao wenyewe ni barua, iliyoandikwa si kwa wino bali kwa Roho wa Mungu aliye hai, ijulikanayo na kusomwa na watu wote. Kama ndivyo, mtoto yule alisoma nini ndani yetu? Tulitubu mbele ya usharika, na mabati bado yako juu ya vichwa vyetu kila Jumapili. Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu mmoja. Kabla ya kugonga muhuri kwenye barua ya kumtetea mtu, tunamsomea yeye mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, kisha tunamuuliza, "Je, ndivyo ilivyokuwa?" Akisema bado, tunachukua karatasi nyingine.