Peni Sita Zilizowapeleka Mashuhuri Ufukweni

Julai 30, 2025 ilitimia miaka 90 tangu shirika la uchapishaji la The Bodley Head la London lilipoingiza sokoni vitabu kumi vya kwanza vya Penguin, vyenye jalada laini na bei ya peni sita kila kimoja. Ingawa sifa nyingi huwaendea Ernest Hemingway na Agatha Christie, waliokuwamo katika kundi hilo, namba moja ya orodha haikuwa riwaya bali Ariel, wasifu wa mshairi Shelley ulioandikwa na Mfaransa André Maurois, na namba saba ilikuwa Twenty-Five, tawasifu, yaani maisha yaliyosimuliwa na mwenyewe, ya mwandishi wa habari Beverley Nichols.

Kusoma safarini kulikuwa kumeshazoeleka Uingereza, kwani W. H. Smith alifungua duka lake la vitabu katika stesheni ya Euston mwaka 1848. Kwa mujibu wa simulizi ya Allen Lane, mkurugenzi wa The Bodley Head, wazo la Penguin lilimjia mwaka 1934 katika stesheni ya Exeter, alipokuwa akirejea London kutoka kumtembelea Agatha Christie na asione chochote cha maana cha kununua. Stesheni hiyo iliwekewa mashine ya kuuza vitabu vya Penguin mwaka 2023, heshima iliyostahili kutolewa mapema zaidi.

Mvutano mkubwa ulihusu bei. Riwaya mpya yenye jalada gumu iliuzwa kwa shilingi saba na peni sita, na kwa kuwa shilingi moja ya wakati huo ilikuwa na peni 12, fedha hizo zingetosha kununua vitabu 15 vya Lane. Wakurugenzi wenzake walikataa kuugharimia mpango huo, hivyo yeye na nduguze Richard na John wakabeba hasara yoyote ambayo ingetokea, huku wauza vitabu wakilalamika kwamba faida ya kitabu cha peni sita isingelipa hata kazi ya kufungasha. Gharama zisingerudi bila kuuza zaidi ya nakala 17,000 za kila kitabu, na maagizo ya awali yalikuwa haba mpaka Woolworth, maduka ambayo bidhaa zake hazikuzidi peni sita, yalipoagiza nakala 63,500. Muda si mrefu akiba ya vitabu ilikuwa ikitunzwa katika chumba cha chini ya kanisa la Holy Trinity, barabara ya Marylebone, ambako mizigo iliteremshwa kwa mteremko wa kuteleza uliotoka katika viwanja vya burudani. Mwandishi George Orwell aliandika mwaka 1936 kwamba msomaji alikuwa na kila sababu ya kufurahi, lakini mwandishi wa vitabu alipaswa kuhofia riziki yake. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, ila haikumzingatia mfanyakazi ambaye kabla ya hapo hakuweza kununua kitabu kabisa.

Nichols alifaa mno kwa msomaji huyo. Twenty-Five, kilichotoka kwanza mwaka 1926, kina sura fupifupi za mikutano yake na watu maarufu, kiasi kwamba mtu aliye likizoni ufukweni anaweza kuiacha sura moja akaingia majini, kisha akaendelea na nyingine bila kupoteza mkondo. Aliijua kazi ya kuandika tawasifu kwa undani, kwa sababu mwaka uliotangulia tawasifu ya mwimbaji wa opera Nellie Melba ilitoka kwa jina la mwimbaji ilhali kalamu ilikuwa ya Nichols, utaratibu ambao leo huitwa uandishi wa kivuli. Wanaozidharau tawasifu za aina hii kuwa ni umbea uliojalidiwa huwakosea wasomaji, maana mtu aliyechoka kwa kazi ya mwaka mzima ana haki ya kuketi na mtu maarufu na kumsikia akieleza alivyofika alipofika.

Muda wa kusoma ufukweni nao ulizidi kupatikana: sheria ya Uingereza ya likizo yenye malipo ilipitishwa mwaka 1938, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia jalada laini likawa jambo la kawaida. Siku hizi tawasifu za mashuhuri hutangulia kwa jalada gumu, kama Spare ya Mwanamfalme Harry iliyotoka Januari 2023 kwa bei rasmi ya pauni 28, ikiwa imeandikwa kwa msaada wa mwandishi wa kivuli J. R. Moehringer, na msomaji wa kipato kidogo analazimika kungoja toleo la bei nafuu, kungoja ambako Lane alikuwa amekusudia kukumaliza.