Dua Zilizomo Ndani ya Sala: Maneno Yake na Maana Yake katika Mrima wa Bagamoyo

Sala za Waislamu wa Mrima huwafikia walimu wetu masikioni kila siku, tangu Kunduchi na Mbweni hata Bagamoyo, Winde na Saadani. Lakini ni wachache waliojishughulisha kuuliza maneno yake. Kwa hiyo husemwa mara nyingi katika mabaraza yetu mambo mawili. La kwanza, kwamba Mwislamu katika sala yake husifu tu, wala haombi. La pili, kwamba hata hayo ayasemayo hayaelewi, kwa kuwa ni Kiarabu, naye ni Mzaramo au Mkwere au Mdoe. Twataka kuyapima maneno haya mawili. Maana mwalimu asiyejua vema habari za jirani huwafundisha watoto dharau pasipo kukusudia, na dharau ikiisha kukaa kijijini haitoki upesi.

Kwanza yatupasa kutenga maneno matatu. Sala ni ibada yenye nyakati, rakaa na viungo vyake, nayo hufanywa mara tano kila siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Dua ni ombi lenyewe, nayo yaweza kuwa ndani ya sala au nje yake: kaburini, arusini, chomboni baharini. Kuomba ni neno la Kibantu, lenye maana pana kuliko yote. Mtu huomba Mungu, huomba radhi, huomba chumvi kwa jirani. Kati yetu sisi wa misheni maneno haya yamechanganyika, hata mtu akisema "anasali" au "anaomba" twaona ni mamoja. Kwa mtu wa pwani si mamoja. Dua nyingine hazimo katika sala. Lakini sala haikosi dua.

Tuifuate basi sala tangu mwanzo wake. Mwenye kusali huanza kwa takbira, yaani kutamka kwamba Mungu ni mkubwa kuliko yote. Kisha husoma Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani, yenye aya saba. Nusu yake ya kwanza ni sifa. Nusu ya pili ni ombi la kuongozwa katika njia iliyonyoka. Fatiha haina budi kusomwa katika kila rakaa, na rakaa za faradhi ni 17 kwa siku. Basi Mwislamu atimizaye sala zake ameomba uongozi mara 17 kabla ya kulala, bila kuhesabu sala za sunna. Tena ombi hilo halisemi "niongoe", bali "tuongoe", hata kama mtu yu peke yake shambani.

Katika kurukuu na kusujudu maneno ni ya kumtakasa Mungu. Lakini kati ya sijida mbili mna kikao kifupi, nacho kina dua ambayo mtazamaji hawezi kuisikia, kwa kuwa husemwa kwa siri. Katika namna ifundishwayo sana pwani, mtu huomba mambo saba, kila moja kwa neno moja la Kiarabu: asamehewe, arehemiwe, aungwe palipovunjika, ainuliwe, aruzukiwe, aongozwe, apewe afya.

Hapa ndipo msomaji apendaye lugha atakapotaka kusimama kidogo. Maneno hayo saba ni Kiarabu, walakini tuangalie mizizi yake. Katika la kwanza mna maghufira, nayo ni msamaha. Katika la pili mna rehema. La tatu ni neno litumiwalo na Waarabu kwa kuunga mfupa uliovunjika, nasi twalijua katika jina Jabari. Katika la nne mna rufaa, yaani kuipandisha daawa hata mahali pa juu. Katika la tano mna riziki, katika la sita hidaya, katika la saba afya. Mvuvi wa Bagamoyo ambaye hajasoma sarufi ya Kiarabu hata siku moja huyachukua karibu yote saba kinywani mwake sokoni na nyumbani. Hawezi kuchambua tendo na nafsi katika sentensi hiyo, lakini si kweli kwamba haijui. Maneno ya dua yaliingia katika lugha yake kabla yeye hajazaliwa.

Katika sala ya alfajiri iko dua nyingine, kunuti, isomwayo katika rakaa ya pili baada ya kuinuka katika rukuu, mikono ikiwa imeinuliwa. Humo huombwa uongozi, afya, ulinzi, baraka katika vitu alivyovitoa Mungu, na kuepushwa na shari. Watu wa Mrima walio wengi ni wa madhehebu ya Shafii, nao huishika sana. Aliyeisahau husujudu sijida ya kusahau mwisho wa sala. Maibadhi wa Omani, ambao walikuwa wakubwa wa serikali pwani hii zamani za masultani, hawana kunuti, wala hawaitikii amina baada ya Fatiha. Imamu wa Kishafii akisalisha watu hugeuza maneno yake kuwa ya wengi: hasemi "nipe afya" bali "utupe afya", nao maamuma huitikia amina. Haifai imamu ajiombee nafsi yake peke yake hali watu wako nyuma yake. Jambo hili mapadre na walimu waongozao sala za wengi watalielewa bila kuelezwa.

Mwisho, katika tahiyatu, mwenye kusali humwombea Mtume na jamaa zake rehema na baraka kama alizopewa Ibrahimu na jamaa zake. Kisha, kabla ya kutoa salamu, ni sunna kujikinga kwa Mungu na mambo manne: adhabu ya moto, adhabu ya kaburi, fitina ya uhai na mauti, na fitina ya Masihi Dajali. Hapa tena maneno yote ni ya Kiswahili chetu.

Basi neno la kwanza limeanguka: Mwislamu huomba katika sala. Neno la pili lataka tutazame historia.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakakusanya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, waliotoka bara, wenye lugha nyingi. Watu hao walifundishwa sala za nyumbani kwa Kiswahili, ambacho wengi wao hawakuzaliwa nacho, na katika Misa walisikia na kuitikia Kilatini. Mjini, karibu na misheni, kazi kama hiyo ilikuwa ikifanyika chuoni kwa Kiarabu. Shehe Yahya bin Abdallah, aitwaye Shehe Ramiya, alizaliwa Manyema katika Kongo, akaletwa pwani mtumwa. Baadaye alipata uhuru, akasoma, akawa kiongozi mkuu wa tarika ya Kadiria Bagamoyo hata kufa kwake mwaka 1931. Mtu wa Manyema akawa mwalimu wa sala kwa wenyeji wa mji. Pande zote mbili, watu waliong'olewa kwao walipewa maneno ya kumwita Mungu katika lugha ya mbali, wakayafanya yao. Aliye upande mmoja hana haki ya kumcheka wa upande wa pili. Kwetu Wakatoliki mlango wa lugha za watu katika Misa ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963. Na hata kabla yake hapakuwa na mtu aliyesema kwamba bibi zetu hawakusali kwa kuwa hawakujua Kilatini.

Tena chuoni maana haikuachwa. Mtoto huanza kwa herufi na kuhifadhi sura. Akiendelea, mwalimu humsomea kitabu cha fikihi kwa Kiarabu na kumweleza kwa Kiswahili. Habari za chuo na desturi nyingine za Mrima zimeandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye kazi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Tafsiri nzima za Kurani zilifuata baadaye: ya Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Unguja mwaka 1923, ya Shehe Mubarak Ahmad wa Ahmadiya mwaka 1953, na ya Shehe Abdallah Saleh Farsy mwaka 1969. Lakini tafsiri hizo ni za kusomwa na kufundishia. Wanachuoni wa Kishafii hawakubali Fatiha isomwe kwa lugha nyingine katika sala. Baada ya salamu mtu yu huru: huinua mikono akaomba kwa Kiswahili, au kwa Kikwere akipenda.

Twawashauri basi walimu wenzetu mambo mawili. Kwanza, tusiwaambie watoto kwamba jirani yao hupayuka maneno matupu. Tuwaonyeshe yale maneno saba. Sisi wenyewe tukiomba rehema, riziki na afya, twatumia maneno ya mizizi ile ile, na neno lenyewe "sala" tumelipokea huko. Pili, tusifiche tofauti, bali tuiweke mahali pake. Haiko katika kuomba na kutoomba, wala katika kujua na kutojua. Iko katika jina aitwalo Yule aombwaye. Mwislamu aketiye kati ya sijida mbili humwita Mungu Rabi, ndiye Bwana mwenye kumlea; Mkristo amefundishwa kumwita Baba. Mwalimu awezaye kuieleza tofauti hiyo kwa haki, mbele ya watoto wa pande zote mbili, hata mtoto wa Kiislamu akakubali kwamba sala ya kwao imesemwa ilivyo, huyo ndiye aliyefundisha.